Msimu wa Ngoma na Wajibu wa Chama Chetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na viongozi, Choma, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu)



Nimeombwa niseme machache juu ya msimu wa ngoma, na kama yafaa Chama chetu kiusaidie. Nakiri kwamba nilipopokea barua ya Katibu nilidhani amekosea anwani. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu na mizani. Umri wangu nimeumaliza ghalani, kati ya magunia na pamba. Fimbo ya ngoma nimeishika mara moja tu maishani mwangu, nikanyang'anywa, na kwa haki. Lakini naona sasa Katibu alijua alifanyalo. Hoja iliyo mbele yenu ni hoja ya fedha, na juu ya fedha za wanachama karani mzee huenda akawa na neno, ajapokuwa hajui kucheza.

Hoja yenyewe mnaijua. Uwanja wa wazi ulio karibu na ghala hapa Choma hutumika baada ya mavuno kwa mashindano ya ngoma. Vikundi huja kutoka vijiji vya jirani, na vingine hutoka Usukuma. Vijana wanaomba Chama kiuchukue msimu huo chini ya ulezi wake. Wapo wanachama wasemao kwamba chama cha wakulima si chama cha ngoma, na kwamba senti ya pamba isiende kununua njuga. Wapo na wengine, hasa miongoni mwa viongozi, wasemao jambo hili ni rahisi: tukate shilingi chache katika kila kilo, mambo yaishe. Mimi siwaungi mkono hawa wala wale, nami nitawaeleza kwa nini.

Nianze na wale wa kwanza. Ushirika haukufika nchi hii ndani ya kitabu cha sheria. Kabla babu zetu hawajasikia neno lenyewe, vijana wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walikuwa na vikundi vyao vya kulima. Mwenye shamba aliyepungukiwa na mikono aliwaendea, wakapatana naye ujira, na siku iliyowekwa wakaja alfajiri na ngoma zao. Walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale, na amri zao, na adhabu kwa mchelewaji na kwa mvivu. Ujira haukuliwa na mtu peke yake. Uliwekwa pamoja, na kazi za mashamba zilipokwisha wakafanya karamu wote. Sasa niambieni: wanachama wanaojulikana, kiongozi wao wenyewe, kanuni, faini, mfuko mmoja na mgawo mwisho wa msimu. Kilichopungua hapo ni mhuri.

Na ngoma haikuwa pambo la kazi ile. Ngoma ndiyo iliyokuwa saa yao. Majembe kumi na matano yakipanda na kushuka kwa pigo moja, hapana anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake, na aliyechoka huchukuliwa na mwendo wa wengine. Bugobogobo mnayoishangilia leo uwanjani, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka, ilitoka katika matuta ya shamba. Kwa hiyo mtu asemaye ngoma na kilimo ni vitu viwili, na aseme hivyo mahali pengine, si katika nchi hii.

Tena nchi hii ni ya njia. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na toka hapo mpaka Ujiji, ilipita kusini kwetu, lakini mabega yaliyobeba mizigo yalitoka Unyamwezi nzima. Katika karne ya kumi na tisa vijana wengi waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, kila mmoja na mzigo wake, mara nyingi wa frasila mbili, ambazo ni kama kilo 32 za leo. Mbele alikwenda kirangozi, na ngoma ilikuwa miongoni mwa vyombo vya safari. Mvua zilipokaribia, wengi walijitahidi wawe wamerudi kwa majembe yao. Tazameni basi: kiangazi kilikuwa wakati wa safari, wakati wa fedha, na wakati wa ngoma. Mpango ule ule tunao hata leo, ila pamba sasa inakwenda kwa lori.

Nije kwenye mashindano yenyewe, maana wajumbe vijana huenda hawajui yalikotoka. Katika Usukuma, jirani zetu wa kaskazini, yasimuliwa kwamba karne hiyo ya kumi na tisa walikuwapo waganga wawili waliokuwa pia wachezaji hodari, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kuwa mkubwa kuliko mwenziwe. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, na ushindani ule haujaisha mpaka leo. Kanuni yake ni nyepesi na ngumu kwa wakati mmoja. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja na saa moja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kwenda huku na huku. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Hapana jopo la waamuzi wala mgeni rasmi wa kutoa alama. Kwa sababu hiyo wachezaji wamelazimika kuwa wabunifu kupita kiasi: wengine wamecheza na chatu hai mabegani, wengine wamechonga watu wa mbao wenye viungo vinavyotikisika ili kuvuta macho ya umati, na dawa za mvuto sina haja ya kuzitaja, maana nyote mwazijua na hapana atakayekiri. Mimi kama karani napenda sana kanuni hii. Ni kura ya miguu. Umati ukihama, umehama, na hapana wa kuibadili hesabu ofisini usiku.

Nilionja ukali wa kura hiyo mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Msimu ule palikuwa na manung'uniko ya chinichini juu ya uzito, lakini hapana aliyethubutu kusema mkutanoni, kwa sababu mkutanoni aliyesema aliandikwa jina. Siku ya ngoma manju mmoja akaimba habari ya mizani yenye njaa, inayokula kabla ya mwenye pamba kufika nyumbani kwake. Hakumtaja mtu. Nusu ya umati wa upande wa pili ikahamia kwake, nayo ikageuka kunitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Naapa sikuwa nimeiba hata gramu moja. Lakini usiku ule sikupata usingizi, na alfajiri nilimwita mjumbe mmoja mzee, tukapandisha juu ya mizani mawe ya kupimia. Mizani ilikuwa mbovu kweli. Springi imechoka, na kila mzigo ulikuwa ukipunjwa. Tuliandika barua, mizani ikabadilishwa. Fedha iliyokwisha potea ililipwa nusu tu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Nawauliza, ndugu zangu, ni mkaguzi gani angeifanya kazi ile kwa gharama ya debe moja la pombe?

Wala si mimi peke yangu niliyeimbwa. Kilio cha mizani ndicho kilichozaa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Wakulima walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Bwana Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkubwa. Habari za mambo hayo zilikwenda vijijini kwa midomo ya mamanju kuliko kwa karatasi. Na vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kisha ushirika ukarudishwa kwa sheria ya 1982, vikundi vya ngoma havikuvunjwa na mtu. Viliendelea. Huku Tabora tulimsikia Mzee Mwinamila na Hiari ya Moyo katika redio wakati ambapo mkulima hakuwa na chama kikuu cha kumsemea.

Nafikiri hayo yanawatosha wale wa upande wa kwanza. Sasa nawageukia wenye makato, ambao ni rafiki zangu, nao nitawaudhi zaidi.

Ndugu viongozi, mkulima wa pamba amekwisha katwa sana. Kila kato lilipoanza lilikuwa dogo, nalo lilikuwa na sababu nzuri. Mimi nimeyaandika mengi kwa mkono wangu, na nawaambia kwamba mkulima asiyejua kwa nini stakabadhi yake imepungua hatakumbuka sababu nzuri, atakumbuka upungufu. Kato la ngoma likiingia katika kitabu pamoja na mengine, mwaka wa pili manju atakuja uwanjani kuliimba, na hapo Chama kitakuwa kimemlipa mtu ili akitukane. Isitoshe, kijana atakayecheza kwa fedha iliyokatwa kwa baba yake bila ridhaa, atamchezea nani?

Kwa upande mwingine, msimu usiwekwe mikononi mwa mfadhili mmoja, hata awe tajiri namna gani. Tunao mfano wa karibu. Unguja, ndani ya kuta za Ngome Kongwe, chini ya anga wazi, tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, likapata sifa duniani, na wageni wakawa wakija kila Februari kwa ajili yake. Viingilio vilikuwapo, lakini havikutosha kulipia gharama. Sehemu kubwa ilitoka kwa wahisani. Misaada ilipopungua, tamasha la mwaka 2016 halikufanyika kabisa. Waandaaji walifanya kazi ya kutafuta fedha upya, nalo likarudi mwaka 2017. Nawasifu kwa kurudi. Lakini fikirini: kuta zilikuwapo, wanamuziki walikuwapo, watazamaji walikuwapo, na bado jukwaa likawa kimya mwaka mzima.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya mji wa Mwanza. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliipenda desturi ya Wasukuma kiasi cha kuwajengea makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1968, na mashindano ya Bulabo yanayofanyika mwezi wa Juni yamekutana na sikukuu ya kanisa ya Ekaristi. Padre amekwisha fariki, lakini Bulabo ipo. Kwa nini? Mimi naona sababu ni kwamba hakuwaletea watu ngoma. Ngoma walikuwa nazo. Yeye alitoa uwanja na siku isiyobadilika, na Bagika na Bagalu wakaleta vingine vyote, pamoja na ugomvi wao.

Uwanja na siku. Shikeni maneno hayo mawili, maana ndiyo shauri langu lote, na nitaanza na siku kwa kuwa ndiyo ngumu.

Mwaka 2019 wengi mnaukumbuka. Bei ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu na stakabadhi mikononi bila fedha. Tulizungumza sana wakati ule juu ya ada za shule na mbolea, na tulikuwa na haki. Lakini nani aliyetazama uwanja? Kikundi cha ngoma hakiwezi kutoka kijijini bila chakula cha njiani. Ngozi ya ngoma iliyopasuka hununuliwa. Mama auzaye vitumbua uwanjani hana wa kumuuzia. Mwaka ule hapa kwetu zilichezwa ngoma chache, nazo zilichezwa na watu wenye njaa, na mvua zilipoanza hapakuwa na aliyeuliza nani ameshinda.

Kwa hiyo nasema, mbele ya Mwenyekiti na Meneja, kwamba msaada mkubwa kupita yote ambao Chama chaweza kuupa msimu wa ngoma ni kumlipa mkulima mapema. Msimu wa ngoma hufuata msimu wa malipo kama mkia ufuatavyo ng'ombe. Tukilipa katika Juni na Julai, vijana watakuwa na fedha na wiki nyingi za kiangazi. Tukilipa katika Oktoba, hata tukijenga jukwaa la saruji, watu watakuwa wanasafisha mashamba. Nataka Halmashauri itaje siku ya kufungua mashindano katika Mkutano Mkuu, na siku hiyo iwe baada ya malipo ya kwanza kukamilika. Ikiwa malipo yamechelewa, na tangazo lisomwe uwanjani, na kiongozi asimame alieleze kwa mdomo wake. Najua ninyi mlio mbele hamlipendi shauri hili. Nimewaona mkitazamana.

La pili ni uwanja. Chama kitoe vitu ambavyo hapana kikundi kiwezacho kuvitoa peke yake: maji ya kunywa, vyoo vya wanaume na wanawake, kivuli cha wazee, uzio wa kuzuia ng'ombe, na mtu wa huduma ya kwanza. Ghala likiwa tupu litumike kulaza vikundi vitokavyo mbali. Gharama hizi ziingie katika makisio ya mwaka, zisomwe kwa sauti na kupigiwa kura kama gharama nyingine yoyote, na hesabu yake ibandikwe ukutani msimu ukiisha. Atakaye kuongeza kwa hiari yake, kuku, gunia la mpunga au siku moja ya trekta, apewe stakabadhi. Hili si jambo geni katika ushirika. Wale wafumaji wa Rochdale huko Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, walitenga sehemu ya ziada yao kwa elimu na wakawa na chumba cha kusomea. Hata kanuni za ushirika wa dunia zilizokubaliwa mwaka 1995 zinataka chama kijali jamii yake. Lakini walitenga ziada, hawakukata kilo.

La tatu, na hapa ndipo nawasihi zaidi: Chama kisiagize nyimbo. Nimehudhuria sherehe nyingi ambapo kikundi kiliitwa, kikapewa majina ya wakubwa katika karatasi, kikaambiwa kiwasifu, kikalipwa. Wakubwa walitabasamu. Wananchi walikwenda kununua mihogo. Tukiwa walezi wa uwanja, tukubali kuimbwa humo. Mshindi achaguliwe na miguu ya watu kama ilivyokuwa, na kiongozi wa Chama asipewe kipaza sauti kati ya ngoma na ngoma.

Limebaki lalamiko moja ambalo nimelisikia kutoka kwa wenzetu wa vijiji vya mbali, kwamba Choma ndiyo itakayofaidi peke yake, kwa kuwa wauzaji na wenye nyumba za wageni wako hapa. Lalamiko hili lina haki. Huko Wales, nchi ya wakulima wa kondoo na wachimbaji wa makaa ya mawe, wana tamasha kubwa la mashairi na uimbaji katika lugha yao, liitwalo Eisteddfod, na kwa desturi yake halikai mahali pamoja: mwaka mmoja kaskazini, mwaka wa pili kusini, na wenyeji wa mahali linapokwenda huchangishana mapema. Nasi twaweza kuanza Choma, kisha mwaka wa pili kijiji kingine chenye Chama cha Msingi kikipokee, mradi kiwe na maji. Nasisitiza maji, kwa sababu nimewahi kuona uwanja mzuri ambao watu waliondoka saa tisa kwa kiu, na kikundi kilichokuwa kikishinda kikashindwa kwa kukosa watazamaji.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, aliyesoma katika shule ya Tabora, alianzisha Wizara ya utamaduni siku ile ile alipolihutubia Taifa akiwa Rais, tarehe 10 Desemba, na akalalamika kwamba kizazi chake kilifundishwa dansi za kigeni na kuachwa bila ngoma zake. Sisi hatujaachwa bila ngoma. Vijana wapo, wamekaa pale chini ya mti, wamenyamaza kwa heshima tangu nilipoanza kusema, na naona uvumilivu wao unakwisha.

Ndugu Mwenyekiti, karatasi ya makisio ya uwanja iko mezani kwa Katibu. Ina vifungu vitano tu, na kila kimoja kina bei iliyoulizwa dukani, si ya kukisia. Naomba isomwe kabla ya chakula, wakati wanachama wote wako hapa, na kura ipigwe kwa mikono.